Kompyuta Ikiganda Baada ya Kubadilishwa Keneli: Yaliyotukuta Firq



Kwa kawaida hapa tunasoma habari za nasaba, za mashamba ya karafuu, za majahazi na za wazee wetu waliotangulia. Leo naomba radhi, nitazungumzia kompyuta. Msikimbie lakini. Kompyuta yenyewe ilikuwa imebeba sauti ya bibi yangu, na kidogo tu tungeipoteza kwa mikono yetu wenyewe, hali mashine haikuwa na ugonjwa wowote wa kufa. Tangu nilipowasimulia jamaa kisa hiki, kila wiki napigiwa simu na mtu ambaye laptopu yake "imeganda baada ya apdeti", na nimechoka kukieleza upya kila mara.

Nyumba yetu iko Firq, pale unapotokea Muscat ukakaribia kuingia Nizwa. Mama yangu alikuja Oman mwaka 1974 akiwa na watoto wawili, nami mmoja wao nikiwa mgongoni. Bibi, yaani mama yake mama, alibaki Unguja. Simu siku hizo ilikuwa shida, na barua ilikuwa shida zaidi kwa sababu bibi hakuwa mtu wa kalamu. Kwa hivyo walikuwa wakitumiana kaseti. Bibi anakaa na redio ya mtu, anazungumza nusu saa upande wa kwanza, nusu saa upande wa pili, kisha kaseti inafungwa kwenye kitambaa na kupewa msafiri. Mama naye anasikiliza, analia, halafu anajibu. Wasomaji wengi wa umri wangu wanazijua kaseti hizi. Kwetu zilibaki 23 ndani ya bati la biskuti, za kuanzia 1976 mpaka 1983, mwaka aliofariki bibi.

Mwaka 2016, wakati wa baridi, mama alinambia anataka kumsikia mama yake tena. Redio ya kaseti niliipata kwa jirani, ikiwa nzima. Lakini utepe wa kaseti wa miaka 40 haustahamili kuchezwa chezwa. Kila unapopita kwenye kichwa cha redio unaacha vumbi la kahawia, na hilo vumbi ndiyo sauti yenyewe. Nikaamua tuzicheze mara moja tu, na mara hiyo hiyo kompyuta irekodi.

Njia si ngumu. Waya mmoja unatoka tundu la hedifoni la redio na kuingia tundu la maikrofoni la kompyuta. Programu inayoitwa Audacity, ambayo ni ya bure, inarekodi. Dakika moja ya sauti safi, isiyobanwa, inachukua kama megabaiti 10, kwa hivyo kaseti ya saa moja ni megabaiti 600 hivi. Laptopu yangu ilikuwa ya bei ndogo, ya mwaka 2014, chapa yake siitaji, na ndani yake niliweka Ubuntu kwa kuwa Windows ilikuwa inaielemea. Kaseti sita za mwanzo ziliingia bila tatizo lolote. Mama alikuwa anakaa pembeni na kikombe chake cha kahawa, anasikiliza kupitia spika za kompyuta, anacheka pale bibi anapomsema mtu.

Ndipo akaja mtoto wa dada yangu, anayesoma chuo. Akaiangalia laptopu akasema, "Mjomba, mashine yako ina mfumo wa 2014. Ngoja nikupandishie wa 2016, una usalama zaidi."

Nikamwambia, "Haya mwanangu, fanya, ila vitu vyangu visipotee."

"Havipotei, Mjomba." Na kweli, hakuna kilichopotea. Mashine ikawaka, picha zote zipo, sauti zote zipo. Kijana akenda zake Muscat.

Usiku ule tukaweka kaseti ya saba. Tulipofika kama dakika ya 20, bibi alikuwa anasimulia habari ya kisima kilichokauka, sauti ikashikwa katikati ya neno "mwanangu". Spika ikabaki inanguruma: nangu-nangu-nangu-nangu. Kishale cha panya hakiendi. Saa ya kwenye skrini imesimama. Mama alishtuka mpaka kahawa ikamwagika. Na redio kule pembeni inaendelea kuzungusha kaseti, bibi anazungumza na hakuna anayemrekodi.

Nilizima redio, nikabonyeza kitufe cha umeme cha laptopu mpaka ikazima, nikaiwasha. Audacity ilipofunguka ilinambia imekuta kazi ambayo haikuhifadhiwa, je irejeshe? Ikarejesha karibu yote ya mwanzo. Alhamdulillahi. Lakini kaseti ilibidi irudishwe nyuma kidogo na kuchezwa upya, jambo ambalo nilikuwa nimejiapia silifanyi. Kesho yake ikaganda tena. Kesho kutwa mara mbili.

Hapa ndipo watu wengi wanapoanza kubahatisha, nami nilibahatisha. Nilidhani ni joto, ingawa Firq mwezi wa Disemba usiku unataka shali. Nilidhani ni waya. Shemeji yangu alisema ni jicho la watu. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini, duka lake silitaji maana si nia yangu kumvunjia mtu riziki. Fundi alichomeka flashi yake yenye Ubuntu mpya kabisa, akaiwasha laptopu kutoka kwenye flashi ile bila kugusa diski yangu, akaiacha juu ya meza. Baada ya saa moja ikaganda. Akasema: "Ushaona? Si mfumo wako huo, ni wangu, na bado inaganda. Bodi imekufa. Nikupigie fomati nijaribu, au uniuzie kama spea."

Hoja yake ilikuwa nzuri, na mimi nilikaribia kuikubali. Ngoja kwanza nieleze keneli ni nini, kisha mtaona fundi alikosea wapi.

Keneli ni ile sehemu ya mfumo wa kompyuta iliyo ndani kabisa. Waingereza waliipa jina la kiini cha mbegu, kile kilichomo ndani ya kokwa. Huioni kwenye skrini. Unachokiona, yaani madirisha, vitufe na picha, ni ganda na nyama ya tunda. Chini yake kuna keneli, na hiyo pekee ndiyo inayogusa chuma: chipu, kumbukumbu, diski, skrini, sauti. Programu yoyote ikitaka kitu chochote katika hivyo, lazima iombe kwa keneli.

Kwa sisi watu wa Dakhiliya mfano upo mlangoni. Falaj. Maji ni mamoja na wenye haki ni wengi, na kila mwenye shamba ana zamu yake. Zamu inahesabiwa kwa athar, takriban nusu saa. Mchana ilipimwa kwa kivuli cha kijiti cha jua, na usiku kwa nyota. Yuko wakili anayesimamia mambo ya falaj yote, na yuko arifu anayesimamia mgao, anayejua sasa maji ni ya nani na baada yake nani. Falaj Daris ya Nizwa, ambayo UNESCO iliiweka katika urithi wa dunia mwaka 2006 pamoja na nyingine nne za Oman, imegawiwa hivyo kizazi baada ya kizazi. Basi keneli ndiye arifu. Maji ni nguvu ya chipu, na mashamba ni programu. Tofauti ni kwamba zamu za keneli ni za sehemu za elfu za sekunde, ndiyo maana wewe unaona kama kwamba Audacity, saa na panya vyote vinatembea kwa wakati mmoja.

Mkulima mmoja akilala shambani, mwenye hasara ni yeye. Hivyo ndivyo programu moja inavyokwama: unaifunga, nyingine zinaendelea. Arifu mwenyewe akianguka pale penye mgawanyo wa maji, hakuna zamu inayobadilika tena. Mashamba yote yanangoja. Hiyo ndiyo kompyuta iliyoganda yote kwa pamoja, na neno "nangu" linalorudiwa ni spika inayosoma kile kipande cha mwisho cha sauti ilichopewa, kwa sababu hajatokea mtu wa kuiletea kipande kingine.

Kuyatenganisha mambo haya mawili ni rahisi. Kompyuta ikiganda, bonyeza Caps Lock utazame taa yake. Ikiwaka na kuzima, arifu yu hai, na huenda ni programu au skrini tu. Kama taa haibadiliki, jaribu jambo la pili ambalo lipo kwenye Linux tu: shikilia Alt pamoja na kitufe cha PrtSc, kisha bonyeza S, halafu U, halafu B, ukipumzika kidogo baina yao. Hiyo ni amri ya moja kwa moja kwa keneli: andika vilivyobaki kwenye diski, funga diski, anza upya. Ikitii, umeokoa vitu vyako kuliko kuikatia umeme ghafla. Yangu haikutii. Taa imekufa, amri haisikiki. Na nilipofungua daftari la matukio, lile faili la `/var/log/syslog`, sikuona kosa lolote. Mistari inakwenda vizuri, saa 3 na dakika 41, saa 3 na dakika 42, kisha mstari unaofuata ni wa kuwaka upya. Mwanzo nilivunjika moyo. Baadaye nikafahamu kwamba ukimya ule nao ni habari: keneli haikupata hata nafasi ya kuandika kwamba imeumia. Siku hizi daftari hilo hilo unalisoma kwa `journalctl -b -1`, yaani nioneshe yaliyotokea mara iliyopita mashine ilipowaka.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Alipopandisha mfumo kutoka Ubuntu 14.04 mpaka 16.04, hakubadilisha sura ya skrini tu. Alibadilisha na keneli. Ile ya zamani ilikuwa 3.13, na mpya ikawa 4.4. Keneli yenyewe ni Linux, ile aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na tangu hapo inaandikwa na maelfu ya watu duniani. Ubuntu ni mfumo kamili uliojengwa juu yake, wa kwanza ukiwa wa Oktoba 2004, na aliyeuanzisha ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo ni ndugu wa neno letu la utu, jambo linalonifurahisha kila ninapoiwasha mashine. Na kwa kuwa tumetaja lugha, mwaka huo huo wa 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitolewa programu ya ofisi kwa Kiswahili, ikiitwa Jambo OpenOffice. Wengi hatukuijua. Tuendelee.

Fundi alitumia flashi yenye Ubuntu mpya. Mpya ipi? Ni ile ile ya 16.04, yenye keneli ile ile ya 4.4. Hakubadilisha kitu alichodhani amekibadilisha. Alimwondoa arifu wangu akamweka pacha wake, naye pacha akaanguka pale pale, akahukumu kwamba falaj imebomoka. Nami sikulijua hilo pale dukani. Nilikataa fomati kwa sababu ya bibi tu, nikabeba laptopu nikarudi nayo nyumbani.

Usiku nilimpigia kijana simu. Sikumgombeza, maana kazi aliifanya kwa wema. Nilimuuliza swali moja: ile ya zamani iko wapi?

"Mjomba," akanijibu, "mwisho kabisa iliniuliza nifute vitu visivyotumika. Nilikuwa nataka kulala, nikaiambia iache."

Uvivu ule ndio uliotuokoa. Linux haiifuti keneli ya zamani papo hapo inapoweka mpya. Inaiweka pembeni, na ipo menyu ya kuchagua. Menyu imefichwa ili isiwababaishe watu. Kuiona, washa mashine huku umeshikilia Shift, na kwa mashine nyingi za karibuni gonga Esc mara tu nembo ya kampuni inapotokea. Inakuja skrini nyeusi yenye mistari michache. Chagua "Advanced options for Ubuntu", utaziona keneli zako zimepangwa kwa namba, kubwa juu. Nikashuka chini mpaka 3.13, nikabonyeza Enter.

Mashine ikawaka kama kwamba hapajatokea jambo. Nikaandika `uname -r` kuhakikisha ni ipi inayotawala, ikajibu 3.13. Sikuanza kuchunguza. Nilichukua diski ya nje nikahamisha kila kitu: kaseti zote zilizokwisha rekodiwa, picha za harusi, karatasi za nasaba nilizozipiga picha. Ilichukua saa nyingi na haikuganda hata mara moja. Ndugu zangu, mpangilio huu msiugeuze. Ukipata dirisha la uzima, toa amana kwanza, udadisi baadaye. Na wakati huo usiandike amri ya `apt autoremove` ambayo watu wanapenda kuitaja kama dawa ya kila kitu, maana inaweza kukufagilia keneli ile ile iliyokushika mkono.

Nikaiacha laptopu inawaka siku tatu kwa keneli ya zamani. Nzima. Nikairudisha kwenye mpya, ikaganda kabla ya Isha. Sasa nilikuwa na jambo la hakika: chuma ni kile kile, umeme ni ule ule, kilichobadilika ni keneli. Bodi haijafa.

Hata hivyo keneli ya zamani si makazi. Haipokei tena marekebisho ya usalama, na kijana alikuwa na haki kuhusu hilo. Nilitaka mpya itulie. Nikaanza kuandika kwenye daftari la shule kila inapoganda: saa ngapi, nilikuwa nafanya nini. Kwa wiki moja niliona jambo la ajabu. Kazi nzito haikuigandisha. Niliipa kubana faili kubwa za sauti kwa saa nzima, feni inalia, ikastahamili. Iliganda ninapoiacha. Nimekwenda kuswali, nakuta imesimama. Mama ananiita, narudi, imesimama. Na wakati wa kurekodi, ambayo kwa kompyuta ni kazi nyepesi sana: inapokea kipande cha sauti, inakiandika, inangoja kipande kingine.

Kumbe chipu za siku hizi hazikai macho zikingoja. Keneli inapoona hakuna kazi inailaza chipu ili kuokoa betri, na usingizi una viwango. Kuna wa kusinzia, unaoitwa C1, ambapo inaamka mara moja. Kuna wa kina zaidi, kama C6, ambapo sehemu za chipu zinakatiwa umeme, na kuamka kunataka mpangilio maalumu. Wakati wa kazi nyepesi chipu inalala na kuamka mara nyingi sana kwa dakika moja. Katika aina moja ya chipu za bei ndogo, zilizouzwa sana kwenye laptopu za 2014 na 2015, kulikuwa na kasoro: mara moja moja inalala usingizi wa kina na haiamki. Kwenye daftari la wazi la kasoro za Linux jambo hili lilisajiliwa mwaka 2015 kwa namba 109051, na watu wa nchi mbali mbali waliandika pale miaka kadhaa, kila mmoja na mashine yake iliyosimama. Wengi walieleza kile kile nilichokiona mimi, kwamba keneli za zamani hazikuwasumbua na zilizofuata zikawasumbua. Chuma kilikuwa na udhaifu tangu mwanzo, ila arifu wa zamani hakuwa akiilaza chipu kwa namna ile.

Dawa waliyokuwa wanapeana ni kumwambia arifu asimruhusu mtu kulala zaidi ya kusinzia. Ni neno moja linalowekwa wakati wa kuwaka, lenye mwisho wa `max_cstate=1`, na mwanzo wake hutegemea chipu uliyonayo. Uzuri ni kwamba unaweza kulijaribu bila kubadilisha chochote moja kwa moja. Kwenye menyu ile ile nyeusi, simama juu ya keneli mpya ubonyeze herufi e. Yanafunguka maandishi. Tafuta mstari unaoanza na neno `linux`, nenda mwisho wake, acha nafasi, liandike neno, kisha Ctrl na X. Mashine inawaka nalo mara hiyo tu. Ukizima na kuwasha limekwisha kazi, na ukikosea herufi hakuna hasara.

Niliiacha hivyo Alkhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Ijumaa asubuhi nilikwenda soko la mifugo Nizwa, nikarudi mchana: saa ya kwenye skrini inatembea. Ndipo nikalifanya la kudumu. Faili ni `/etc/default/grub`, mstari ni `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, neno linaingia ndani ya alama za kunukuu baada ya `quiet splash`, unahifadhi, halafu `sudo update-grub`. Ukiwasha upya, `cat /proc/cmdline` inakuonesha kama limeingia. Gharama ipo: betri yangu ilipungua muda, na mashine inakuwa na uvuguvugu hata ikiwa haina kazi. Kwa laptopu inayokaa mezani imechomekwa, ni bei ndogo.

Sisemi kila inayoganda ina ugonjwa huu. Ikiganda kwenye kazi nzito, hasa miezi ya Juni na Julai, safisha feni kwanza. Vumbi letu linaziba kama pamba. Ikiganda na keneli zote, ya zamani na mpya, hapo hukumu ya fundi inaweza kuwa kweli, na kumbukumbu ya mashine ipimwe kwa memtest, ambayo mara nyingi imo kwenye menyu ile ile. Ikiganda tangu sekunde za mwanzo za kuwaka baada ya apdeti, tazama draiva uliyoiweka wewe mwenyewe kutoka nje, ya kadi ya picha au ya waifai. Draiva ya namna hiyo imetengenezwa kwa vipimo vya keneli fulani, na keneli ikibadilika kidogo inaweza isikae sawa.

Wenye Windows nao wasijione wako salama. Windows ina keneli yake, na marekebisho yake makubwa hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi. Wengi mnaikumbuka tarehe 19 Julai 2024, ndege zilipokwama viwanja vingi duniani. Ile haikuwa hata apdeti ya Windows yenyewe. Ilikuwa faili ndogo ya programu ya ulinzi ya CrowdStrike, ambayo sehemu yake inakaa ndani ya keneli. Faili lilikuwa na kosa, na kwa kuwa lilisomwa na aliyekaa kiti cha arifu, kompyuta nzima ikaanguka, na nyingine kama yeye: milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft. Kwenye kompyuta yako ya Windows, ikikataa kuwaka mara tatu mfululizo huwa inakuletea yenyewe skrini ya matengenezo, na ndani yake kuna sehemu ya kuondoa apdeti ya mwisho. Ijaribu hiyo kabla hujamruhusu mtu kutaja fomati. Simu za Android ndani yake ni Linux pia, na nyingi za tangu Android 7 zina nafasi mbili za mfumo: apdeti inawekwa upande wa pili, na ikikataa kuwaka simu inarudi upande uliokuwa mzima. Ni fikra ile ile ya kutomfukuza arifu wa zamani mpaka mpya aonekane anaijua kazi.

Kaseti zilizobaki tulizimaliza Februari. Ya kumi na nne ilikatika karibu na mwisho, nikaiunga kwa gundi ya utepe, tumepoteza sekunde chache. Ya saba, ile ya kisima, ina kovu dakika ya 20 nilipounganisha rekodi mbili, na mtu asiyejua hawezi kulisikia. Mama analisikia. Kila tukiicheza, ikikaribia pale, ananyanyua kidole, anangoja, bibi anasema "mwanangu" lote zima, kisha mama anashusha kidole na kuendelea na kahawa yake.